Kamba ameikwepa, lakini atatoka lini?

Hebu nikuulize: mtu akiua kwa sababu ya ugonjwa wa akili, afanywe nini? Kuanzia Makutano pale Meru hadi mjini Embu, wengi watakujibu chap: anyongwe!

Lakini Kenya haijanyonga mtu tangu 1987. Na tangu 2017, Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya Muruatetu, jaji halazimiki kumhukumu kifo kila aliyeua.

Sasa sikia. Kifungu cha 166 cha sheria ya kesi za jinai kimekuwa kikimwita mgonjwa huyo mwenye hatia lakini mwendawazimu. Kamba anaikwepa, sawa. Ila anazuiliwa hadi Rais atakapopenda. Jambazi anahesabu miaka yake; mgonjwa ahesabu nini?

Hata asiyeweza kuifuata kesi yake alizuiliwa vivyo hivyo. Mwaka 2016, Mahakama Kuu ya Meru ilisema huo ni ukatili unaovunja Katiba.

Na wengi wao huishia Mathari, Nairobi. Ukitoka Embu ni zaidi ya kilomita 100, Meru zaidi ya 200. Mama yake atapata wapi nauli kila mwezi?

Sisemi aliyefiwa anyamaze. Alindwe, asikilizwe. Lakini mgonjwa apewe dawa, daktari wa karibu, na tarehe ya kurudi mbele ya jaji.

Kwa hivyo kabla hujaandika "anyongwe" kwenye simu yako, jiulize: angekuwa kakako, ungetaka akae ndani hadi lini?