Kijana Anapotumwa Staji, Amekabidhiwa kwa Nani?

Kila mwaka, masomo yanapokaribia mwisho, vijana wa parokia zetu hapa Lubumbashi huja kutuomba barua. Wanataka tushuhudie kwamba wao ni watu wa tabia njema, ili kampuni fulani iwapokee kwa staji. Tunaandika, tunatia sahihi, tunawatakia heri, kisha tunarudi nyumbani tukidhani kazi yetu imekwisha. Mwaka huu tumejifunza kwamba haikuwa imekwisha, na tunapenda kulisema jambo hilo wazi, hata pale linapotuaibisha sisi wenyewe.

Binti mmoja wa jumuiya yetu anasomea lojistiki katika chuo kimoja cha mji. Alipokelewa kwa miezi miwili katika depo ya vipuri vya magari, moja ya zile zinazouza piesi kwa wenye makamiyo ya njia ya Kasumbalesa. Tulifurahi pamoja na wazazi wake, kwa maana kazi hiyo ina maana kubwa kwetu. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka katika ardhi ya nchi yetu, na ulimwengu unaihitaji kwa betri za magari ya umeme. Lakini tairi na freni za kamiyo linaloibeba hutujia kutoka ng'ambo. Hushushwa Dar es Salaam au Durban, kisha husafiri barabarani, na kutoka Dar es Salaam peke yake ni karibu kilometa 2,000, pamoja na mipaka na dwane zake.

Gari moja lina vipande vipatavyo 30,000 tukihesabu hata skrubu. Kule Japani, Taiichi Ohno na wenzake wa Toyota waliufundisha ulimwengu kuleta kila kipande kiwandani saa ile kinapohitajika, bila kukirundika. Mwaka 2011, tetemeko la ardhi na tsunami vilipoipiga nchi hiyo, hata viwanda vya mbali vilipungukiwa na vipande. Sisi tulio mbali na bandari hatuwezi kuishi kwa namna hiyo. Ni lazima depo zetu ziwe na akiba. Na akiba haina faida kama karatasi yake inadanganya. Fishi ikisema piesi zipo 40 na rafuni zipo 31, hakuna atakayeagiza nyingine mpaka siku mteja atakapokuja na kuondoka mikono mitupu. Hapo gari litangoja majuma, au litatembea na freni zilizokwisha.

Basi binti yetu alikwenda kujifunza kazi hiyo. Juma la kwanza alifagia, akateka maji, akatumwa mkate. Hatulalamiki juu ya ufagio. Salongo haijamwua mtu, na anayeingia nyumba ya wengine huanza chini. Juma la pili ufagio ulikuwa uleule. Hapo akaanza kujifundisha mwenyewe. Alijua kutoka chuoni kwamba kila tairi lina tarakimu nne ubavuni, mbili za juma na mbili za mwaka lilipoundwa. Akasoma safu kwa safu. Akakuta kwamba tairi mpya zilikuwa zikipangwa mbele ya zile za zamani, na kwa hiyo za zamani hazikutoka kamwe; nyuma kabisa yalikuwako yaliyoandikwa 1416, yaani juma la 14 la mwaka 2016. Kanuni ya kwanza ya depo ni kwamba kilichoingia kwanza kitoke kwanza. Alipomwonyesha magazinye, akaambiwa kwamba wanafunzi hujua mengi wasipokuwa na kazi.

Mwisho wa mwezi ukafika, na pamoja nao hesabu ya mali. Akapewa fishi zilizokwisha kujazwa, nambari zimenakiliwa kutoka mwezi uliotangulia, akaambiwa atie sahihi yake mahali pa aliyehesabu. Akaomba ahesabu kwanza. Plaketi za freni za aina moja zilikuwa 40 kwenye fishi, na rafuni 31. Akaambiwa asiwe na wasiwasi, ni desturi.

Jioni ile alikuja kwetu kuomba shauri. Tukamwuliza yamebaki majuma mangapi. Matatu, alijibu. Tukamwambia: «Mwanangu, vumilia. Tia sahihi, upate alama zako, usipoteze mwaka. Ukipata kazi yako mwenyewe, utatengeneza.» Sisi tuliowafundisha watoto amri za Mungu kwa miaka mingi, ndivyo tulivyosema. Hakutubishia. Aliuliza neno moja tu: «Mwalimu, na zile piesi tisa zikitafutwa baadaye, jina litakalosomwa ni la nani?»

Hatukuwa na jibu. Kesho yake aliandika 31 na kutia sahihi yake kwenye 31. Tangu siku hiyo aliondolewa depoti akawekwa langoni, kuandika nambari za makamiyo yanayoingia na kutoka. Mwalimu wa chuo hakufika kumtazama hata mara moja. Alipata 11 juu ya 20.

Ndugu wapendwa, tumelifikiri sana swali la binti huyu. Kwanza, kwa sababu linaonyesha hatari ambayo wazazi wengi hawaijui. Mwanafunzi wa staji hana mkataba wala mshahara, na baada ya miezi miwili hayupo tena. Sahihi yake ndiyo rahisi kuliko zote kutupiwa kosa. Pili, kwa sababu lilitukumbusha namna sisi wenyewe tulivyofundishwa.

Tulipokuwa tukijifunza ualimu, staji ilikuwa jambo la kuogopwa. Mwalimu mwenye darasa aliketi nyuma na daftari lake. Kabla ya kusimama mbele ya watoto, ilitubidi kumwonyesha somo lililoandikwa. Baada yake, alitusomea makosa yetu moja moja. Tuliwahi kutoka machozi kwa sababu ya ubao ulioandikwa vibaya. Lakini hatukuwahi kutia sahihi kwa somo ambalo hatukulifundisha, na hakuna aliyetuacha peke yetu. Mtu mmoja alijua jina letu, alijua udhaifu wetu, na alama aliyotupa aliweza kuieleza. Hiyo ndiyo staji. Kinachofanyika leo mahali pengi ni kumhifadhi kijana kwa majuma fulani na kumpa karatasi. Na tunajua wako wanaoinunua karatasi hiyo bila hata kufika.

Wakubwa wa kampuni wana maneno yao, na ni haki tuwasikilize. Husema kwamba wanafunzi huja bila kujua kitu, huwachelewesha wafanyakazi, huharibu, kisha huondoka. Ni kweli. Lakini katika depo ile, mtu wa pekee aliyehesabu mali ya mwenye depo mwezi ule alikuwa mwanafunzi asiyelipwa. Kama mwenye mali angalijua, angalimweka langoni?

Sisi tunapendekeza mambo machache yasiyodai pesa nyingi. Chuo kisimtume kijana kwa barua tupu; kimpe ukurasa mmoja unaosema juma kwa juma atajifunza nini: kupokea mali, kuipanga, kuitoa, kuihesabu, kusoma karatasi za dwane na za usafiri. Kampuni imtaje mtu mmoja atakayemwongoza. Mwanafunzi asitie sahihi peke yake kwenye karatasi yoyote ya mali. Mwalimu wa chuo afike angalau mara mbili, na mara moja bila kutangaza. Binti asibakizwe depoti peke yake na mkubwa wake baada ya saa za kazi. Na nauli yake ilipwe, kwa maana wako wanaotembea saa mbili asubuhi na saa mbili jioni, nasi tunashangaa kwamba wanasinzia.

Wazazi nao waulize jioni zaidi ya «ulikula?» Waulize: leo ulifundishwa nini, na ulitia sahihi wapi?

Katika chama chetu wamo mafundi wa garaji, madereva wa njia ndefu, makarani wa dwane, watunza depo. Tunaomba kila mmoja amchukue mwanafunzi mmoja wakati wa staji, akutane naye mara moja kwa juma baada ya misa, asikilize. Papa Pio wa 12 alipoiweka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, mwaka 1955, tarehe 1 Mei, alitupa msimamizi aliyekuwa na kijana kando yake kazini. Tunaisherehekea kila mwaka kwa nyimbo na chakula. Ingefaa mwaka huu tuisherehekee kwa orodha ya majina: kijana huyu, na mkubwa huyu.

Kwa upande wetu, bado tunaandika barua za tabia njema. Lakini sasa, kabla ya kutia sahihi, tunamwambia kijana siku na saa ya kurudi kutueleza aliyoyaona. Na binti yetu tumemwomba msamaha, mbele ya wazazi wake, kwa shauri tulilompa jioni ile. Alicheka, akasema ni kitu kidogo. Sisi hatuoni kwamba ni kidogo.