Ada ya Butura na Chuo Kisicho na Wodi

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ada ya chuo hutoka shambani: kahawa, maharage, mikungu ya ndizi. Mzazi aliyebanwa na fomu ya kujiunga hukimbilia butura, anauza kahawa ikiwa bado ua kwa bei aipendayo mnunuzi, ili mtoto apande basi la Mwanza au Dar es Salaam akasomee uuguzi. Serikali imeipiga marufuku butura, viongozi wameikemea mwaka hadi mwaka, lakini ada haingoji mavuno.

Kijana huyo akigundua muhula wa pili kwamba amelipia chuo kibovu, aseme nini nyumbani? Kahawa ya msimu ujao imeshaliwa. Wengi hunyamaza, wakamaliza miaka mitatu wakijua hawakufundishwa.

Ubovu wenyewe hauonekani getini. Majengo yanaweza kuwa mapya na sare zikapendeza. Uuguzi hujifunzwa wodini, na mwanafunzi ana kitabu cha mazoezi kinachohitaji sahihi ya msimamizi kwa kila kazi: kuchoma sindano, kuweka kanula, kuzalisha. Chuo kikidahili kupita uwezo wa hospitali kinayoitegemea, wanafunzi kumi wanazunguka kitanda kimoja cha uzazi. Mmoja anampokea mtoto, tisa wanachungulia juu ya mabega ya wenzao, kisha vitabu vyote kumi vinatiwa sahihi. Kwenye karatasi, wote wamezalisha. Juu ya hayo inakuja michango ambayo haikuwemo kwenye fomu, na asiyelipa anazuiliwa matokeo.

Mkoani Kagera jambo hili linagusa uhai. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Bukoba Vijijini. Watu 6 walifariki, mhudumu wa afya akiwa miongoni mwao. Januari 2025 ukarudi, safari hii Biharamulo. Katikati ya hapo, Septemba 2024, uliipiga Rwanda, ng'ambo tu ya Mto Kagera kwa mtu wa Karagwe au Kyerwa, na wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya. Muuguzi ambaye hakufundishwa kuvaa na kuvua mavazi ya kinga kwa mpangilio anakuwa wa kwanza kuugua, halafu anaupeleka ugonjwa kwa wanawe.

Wapo wanaosema kijana avumilie, cheti ni cheti. Nawaelewa, hasa wakikumbuka deni la butura. Ila cheti peke yake hakimpi kazi. Lazima avuke mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, kisha agombanie ajira: mwaka 2023 Serikali ilitangaza nafasi 21,200 za walimu na wahudumu wa afya, zikaombwa na watu 171,916. Kwa maoni yangu, aliyegundua mapema ahame mapema. Mafunzo yamegawanywa kwa ngazi, ya 4 hadi ya 6, na aliyefaulu ngazi moja ana mahali pa kuanzia kuomba uhamisho. Aliyebakiza miezi michache amalize, lakini atafute hospitali ya kujitolea ambako atashika kazi kwa mikono yake mwenyewe chini ya mkunga mzoefu.

Sikubali hata hivyo kwamba kosa ni la kijana. Marekani, Januari 2023, ilibainika kwamba vyuo vitatu vya Florida vilitoa diploma za uuguzi za uongo zaidi ya 7,600, na walionunua walijua wanachonunua. Mtoto wa Nkwenda, Kyerwa, amelipa kwa nia njema chuo chenye namba halali ya usajili. Wala chuo kuwa cha binafsi hakujawahi kuwa tatizo lenyewe. Muleba kuna Ndolage na Rubya, ambako makanisa yalifundisha wauguzi pembeni mwa hospitali zao, wodi ikiwa hatua chache kutoka darasani.

Kinachokosekana ni taarifa. Mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo hivi, humwonyesha mzazi ada na idadi ya nafasi. Haumwambii ni wahitimu wangapi wa chuo hicho walifaulu mtihani wa leseni kwa mara ya kwanza, wala hospitali ya mazoezi ina vitanda vingapi kwa wanafunzi wangapi. Takwimu za mtihani Baraza la Uuguzi linazo, kwa kuwa ndilo linalousimamia. Zichapishwe kwa jina la kila chuo, kila mwaka, na zibandikwe katika ofisi za kata Kayanga, Nkwenda na Murongo kabla dirisha la udahili halijafunguliwa. Na chuo ambacho wahitimu wake wanaanguka miaka miwili mfululizo kipunguziwe nafasi, kabla mzazi mwingine hajaenda kuuza kahawa iliyo bado ua.