Kitambaa Wamekichukua, Nyimbo Wameziacha

Mwezi uliopita nililetewa riwaya tatu na bwana mmoja mwenye biashara ya kuchapisha vitabu. Zote zina jalada la namna moja: msichana aliyejifunika kitambaa cheupe kichwani, na nyuma yake shamba na gari la farasi. Akaniambia, "Maalim, tufasirie hizi. Ni mapenzi ya Waamishi wa Marekani, hayana uchafu. Wasichana wanajistiri, wazee wanatiiwa. Ni kama sisi." Nilizisoma zote. Jawabu langu nalitoa hapa hadharani, kwa kuwa najua nisipokubali mimi atakubali mwengine.

Simo katika wale wanaowacheka wasomaji wa riwaya za mapenzi. Mimi sikupita chuo chochote. Kiingereza changu nimekipata katika vitabu vilivyoachwa na wageni mahotelini, na vingi vilikuwa vya aina hiyo hiyo. Riwaya ya kwanza kati ya hizi tatu niliimaliza kwa usiku mmoja. Mwenye kufanya kazi kutwa ana haki ya kitabu cha kumpumzisha, na sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na hayo maneno mawili, "kama sisi".

Waamishi ni watu wa kweli. Chimbuko lao ni Wakristo wa Uswisi na Alsace waliomfuata Jakob Ammann katika mfarakano wa mwaka 1693, na leo idadi yao huko Amerika ya Kaskazini imepita 350,000. Wanaoandika riwaya hizi aghalabu si Waamishi, bali ni Wakristo wa makanisa mengine, na wanunuzi wao wengi hali kadhalika. Biashara yenyewe ilishika kasi baada ya Beverly Lewis kutoa *The Shunning* mwaka 1997, jina lenye maana ya kutengwa. Mle mna binti aitwaye Katie Lapp, ambaye moyo wake unapenda muziki, na jamaa zake wanamkataza gitaa. Msomaji hukifunga kitabu akidhani kuwa watu wale hawana wimbo, na kwamba mwenye sauti miongoni mwao hana budi kuhama.

Hapo ndipo nilipokasirika, mimi mtunzi. Waamishi wana kitabu chao cha nyimbo, *Ausbund*, kilichochapwa mara ya kwanza mwaka 1564 na ambacho hadi leo hawajakiweka chini. Kiini chake ni tungo za wafungwa waliotiwa katika ngome ya Passau, Ujerumani, miaka ya 1530, kwa kosa la kuamini kuwa mtu hubatizwa akiwa na akili zake timamu. Wenzao wengi wa imani hiyo walichomwa moto au kutoswa majini. Kitabu kina maneno matupu, hakina noti. Mahadhi hupokewa kwa sikio, mtoto kwa mzee, kama tunavyopokea sisi mahadhi ya tenzi ambayo hati zetu za kale haziyaonyeshi. Huimbwa bila ala yoyote, polepole mno, silabi moja ikivutwa juu ya sauti kadha wa kadha, hata wimbo mmoja wa beti nne waweza kuchukua dakika 20. Lau yule bwana alitaka kilicho kama sisi, basi ndicho hiki.

Lugha yao nayo imegeuzwa bizari. Wana Kijerumani chao cha nyumbani, lakini katika riwaya utaonjeshwa "Mamm" hapa na "jah" pale, na kilichobaki ni Kiingereza cha mwandishi. Bizari hiyo twaijua. Ni mara ngapi tumesoma kitabu cha mgeni kuhusu visiwa hivi, mlango wa nakshi, harufu ya karafuu, mwanamke ndani ya buibui, na "jambo" mbili tatu za kunogesha? Tulinung'unika, tena kwa haki. Leo twatakiwa tuifasiri dhulma ile ile waliyotendewa wengine, na tufurahi kwa kuwa msichana amejifunika.

Na imani, je? Waamishi huona ni majivuno mtu kutamka kwa yakini kwamba yeye ameokoka, husema wanatumai. Katika nyingi ya riwaya hizi shujaa huipata yakini hiyo hiyo, na huo ndio huwa mwisho mwema. Kitambaa ni chao. Moyo ulio chini yake umeazimwa kwa mwandishi.

Nitaambiwa kuwa hata baadhi ya wanawake wa Kiamishi huzisoma. Ni kweli, na wana haki yao. Hata hapa kwetu wapo wanaotundika ukutani picha za mji wao walizochorewa watalii.

Nilimrudishia bwana vitabu vyake kwa sharti moja: nitafasiri kimojawapo ikiwa kitatanguliwa na tungo tano au sita za *Ausbund*, kutoka katika Kijerumani chake, ambacho najifunza kwa kamusi. Akaniuliza nani atazinunua. Nikamwambia awaulize wasomaji wa jarida hili. Utungo wa kwanza nimekwisha kuuanza. Mizani bado inanisumbua katika ubeti wa tatu.