Upepo ni wa Bure, Lakini Mto Una Wenyewe

Upepo ukianza kupiga kilomita 60 kwa saa, wewe hufanya nini? Unafunga dirisha, unaanua nguo kwa kamba na kuomba mabati ya jirani yasifike kwako. Kuna mji mmoja Marekani ambao watu wake hufanya kinyume. Unaitwa Hood River, uko jimbo la Oregon, kando ya Mto Columbia. Huko upepo ukizidi, watu wanatoroka kazini mapema, wanafunga mbao ndefu juu ya magari na kukimbilia mtoni.

Huenda ushaona klipu zao. Msee amesimama juu ya ubao wa futi 14, kasia mkononi, mto mzima umegeuka mweupe kwa povu, na yeye anateleza tu kama aliyepewa lifti na gari lisiloonekana. Hakuna injini. Hakuna tanga. Ukimwonyesha mzee wa kwenu atasema hao watu wamekosa shughuli.

Mimi nadhani wanajua sana wanachofanya. Lakini pia nadhani hiyo klipu inatuficha mengi, kwa sababu karibu kila kitu kinachoufanya mchezo huo uwezekane kiko nje ya picha, na kimojawapo ni kesi ya haki ambayo bado inatokota hadi leo.

Tuanze na upepo wenyewe. Columbia unatoka Canada, unasafiri karibu kilomita 2,000 na kumwaga maji yake Bahari ya Pasifiki. Kabla ya kufika huko unapasua safu ya milima ya Cascade, na hapo unapopasua kuna korongo la kilomita 130 hivi, lenye kuta zinazofika mita 1,200 sehemu zingine. Magharibi mwa milima kuna hewa baridi ya baharini. Mashariki kuna nyanda kavu ambazo kiangazi kikifika zinachomeka kweli kweli. Hewa ya moto inapanda juu, hewa baridi inataka kuingia ijaze nafasi, na milima imeziba njia zote isipokuwa hilo korongo. Fikiria mechi imeisha Kasarani na umati wote unatokea mlango mmoja. Ndiyo maana katika miezi ya kiangazi upepo wa kilomita 40 hadi 55 kwa saa huko ni jambo la kawaida, na zipo siku unapita 70.

Watu wa mbao za tanga waliugundua huo upepo mapema, na kufikia miaka ya 1980 walikuwa wameujaza mji. Hawa wa kasia walikuja baadaye, wakiwa na mchezo ambao Hawaii huchezwa baharini.

Lakini upepo peke yake hautoshi, na hapa ndipo Columbia unapozishinda bahari nyingi. Mto unaenda magharibi. Upepo wa kiangazi unaenda mashariki. Vinakutana uso kwa uso, wimbi linakosa pa kujinyoosha, basi linasimama wima: fupi, kali, limebanana na mwenzake. Baharini unaweza kungoja wimbi zuri hadi uchoke. Hapa ukikosa moja, lingine liko nyuma yako tayari.

Sasa angalia kioja. Mchezaji anayeenda na upepo anapanda mto. Njia inayopendwa zaidi inaanzia Viento na kuishia Hood River, kilomita 13 hivi, na safari nzima mkondo unampinga miguuni huku upepo ukimsukuma mgongoni. Upepo ndio unaoshinda. Na hilo jina Viento lisikudanganye. Kwa Kihispania maana yake ni upepo, kwa hivyo kila mgeni hudhani amejua lilikotoka. Kumbe ni herufi za mwanzo za majina ya watu watatu wa enzi za ujenzi wa reli: Villard, Endicott na Tolman. Bahati tu.

Kuteleza kwenyewe kunataka macho kuliko misuli. Ukihisi tezi, yaani nyuma ya ubao, inainuliwa, una sekunde moja au mbili za kuamua. Unapiga kasia mara tatu au nne kwa nguvu zako zote, omo inaelekea bondeni, ubao unashika mwendo wa wimbi. Ukishashika, tulia. Rudisha mguu mmoja nyuma ili omo isizame. Mgeni huendelea kupiga kasia kama anayefukuzwa na kanjo, anaparamia mgongo wa wimbi la mbele, ubao unasimama ghafla na wimbi lake linampita hivi hivi. Mzoefu hatazami vilele, anatafuta mashimo. Maji yanaposhuka ndipo njia ilipo, hata kama ni kushoto kabisa. Anaruka kutoka bonde moja hadi lingine kama dereva wa matatu wa Jogoo Road anavyotafuta upenyo saa moja ya asubuhi, tofauti ni kwamba huyu akikosea hamgongi mtu. Kwa kawaida.

Nasema kwa kawaida kwa sababu mto huu pia ni barabara ya biashara. Matishari ya ngano hushuka hapo kuelekea bandari za Portland na jirani zake, yakisukumwa na boti ambayo haiwezi kufunga breki wala kukata kona kwa sababu yako. Ukianguka mbele yake, wewe ndiwe wa kuhama. Na hakuna kurudi ulikotoka, maana huwezi kupiga kasia dhidi ya upepo wa aina hiyo. Ndiyo maana hao jamaa huacha gari moja Hood River na lingine Viento kabla hata ya kulowa.

Hata hivyo hatari kubwa zaidi haina kelele: ni kuachana na ubao wako. Ubao usio na mtu juu ya maji ni kama jani. Upepo unaubeba kwa kasi ambayo hakuna muogeleaji atakayeifikia, na wewe unabaki katikati ya mto, nchi kavu iko mbali, mawimbi yanakuzaba usoni kila sekunde chache. Ikiwa ni majira ya kuchipua, hayo maji ni theluji iliyoyeyuka juzi. Mikono inakufa ganzi kabla hujajua umeanza kuchoka. Kwa hivyo kuna kamba inayokufunga kwenye ubao. Ila hata kamba ina masharti. Penye mkondo mkali na nguzo za daraja au miti iliyozama, kamba ya mguuni inaweza kunasa ikakushikilia chini ya maji, kwa sababu huwezi kuinama kuifungua. Penye hatari hiyo wenye ujuzi huifunga kiunoni, kwa mshipi unaofunguka ukivutwa mara moja.

Mwaka 2008 Walinzi wa Pwani wa Marekani waliamua kwamba ubao wa aina hii, ukiwa nje ya sehemu za kuogelea na za kuteleza na mawimbi ya ufuoni, ni chombo cha majini kama mashua nyingine. Maana yake lazima uwe na jaketi la kuokoa maisha, pamoja na kitu cha kupigia kelele kama vile filimbi. Wapo walioona ni sheria ya kuharibu raha. Mimi naona imelegea. Kwa mtu mzima inataka jaketi liwepo, si lazima livaliwe. Sasa jaketi ulilolifunga kwenye ubao, kwa upepo wa kilomita 70, litaokoa nani? Litauokoa ubao.

Haya, sasa shuka chini ya ubao, kwa sababu hapo ndipo habari inapobadilika.

Maji unayoyaona kwenye klipu si mto jinsi ulivyokuwa. Ni bwawa. Mwaka 1938 Bwawa la Bonneville lilianza kuzalisha stima, na maji yake yakarudi nyuma kilomita zaidi ya 70, yakafunika miamba na maji makali yaliyokuwa yakifanya mto huo kuogopwa. Mto ukapanuka, ukatulia. Huo uwanja mpana ambao vijana wanauchezea haukuumbwa na Mungu peke yake, serikali ilimalizia.

Na haikuukuta mtupu. Mwaka 1855 jamii za wenyeji wa asili, wakiwemo Wayakama, Waumatilla, Wanez Perce na watu wa Warm Springs, zilitia saini mikataba na Marekani. Zilitoa ardhi kubwa ajabu, zikabakiza haki ya kuvua samaki mahali zilipozoea kuvua tangu zamani. Bonneville ilizamisha sehemu nyingi za uvuvi pamoja na vijiji. Wakaahidiwa sehemu nyingine badala yake. Kisha tarehe 10 Machi 1957 milango ya Bwawa la The Dalles, lililo juu zaidi, ikafungwa, na kwa saa chache tu Maporomoko ya Celilo yakapotea chini ya maji. Hapo watu walikuwa wamevua na kufanya biashara kwa maelfu ya miaka. Wavuvi walisimama juu ya majukwaa ya mbao yaliyoning'inia juu ya povu, nyavu zikiwa kwenye miti mirefu, wengine wamejifunga kamba kiunoni wasichukuliwe na maji. Kamba kiunoni si uvumbuzi wa watu wa mbao.

Zile sehemu za badala walizoahidiwa zilichukua muda gani? Sheria ya kuzikamilisha ilipitishwa mwaka 1988. Nusu karne baada ya Bonneville. Leo ziko 31, na kuna familia zinazoishi katika baadhi yake ingawa zilikusudiwa uvuvi tu, kwa hivyo huduma ni duni. Kwa Mkenya hii si lugha ngeni: mradi wa taifa kwanza, fidia itakuja.

Samaki nao je? Inakadiriwa kwamba kabla ya walowezi kujaa, salmoni kati ya milioni 10 na 16 walikuwa wakirudi Columbia kila mwaka kuzaa. Leo ni sehemu ndogo tu ya hao, na wengi wao wametotolewa na binadamu kwenye matangi.

Hapa ndipo siasa za sasa zinaingia. Desemba 2023 serikali ya Rais Joe Biden ilitangaza makubaliano na jamii nne za wenyeji pamoja na majimbo ya Oregon na Washington: zaidi ya dola bilioni 1 za kufufua samaki, na kuanza kupanga jinsi ya kuziba pengo iwapo siku moja mabwawa manne ya Mto Snake, unaoingia Columbia, yatabomolewa. Uamuzi wa kuyabomoa ungebaki kwa Bunge la Congress. Kesi ikasimamishwa. Juni 2025 Rais Donald Trump akayafuta makubaliano hayo kwa sahihi moja, akisema yanahatarisha umeme. Walalamishi wakarudi mahakamani mwaka huohuo.

Hoja ya umeme si ya kupuuzwa. Mabwawa yanatoa stima bila moshi, na wakulima wa ngano wanayahitaji kwa matishari yao. Mtu akikwambia jambo hili ni rahisi, anakuuzia kitu. Lakini ninachoshindwa kuelewa ni msimamo wa wale wachezaji wanaosema michezo isichanganywe na siasa. Bro, umesimama juu ya siasa. Kina cha maji yako kinaamuliwa na ofisi. Ukali wa mawimbi yako unategemea maji kiasi gani yameachiliwa kutoka The Dalles. Yakiachiliwa mengi mkondo unazidi, na wimbi linasimama zaidi. Na mabwawa yanayobishaniwa yako mbali sana juu ya mto. Yakibomolewa yote manne, Viento itabaki na upepo wake, na Bonneville itabaki na bwawa lake. Yaani hawa ni watu ambao wangeweza kuwaunga mkono majirani zao bila kupoteza hata wimbi moja.

Wengine wanajaribu, na huanza na jambo dogo la nyavu. Kutoka Bonneville hadi Bwawa la McNary, kilomita 235 hivi, uvuvi wa kibiashara ni wa jamii hizo za mikataba peke yao, na njia yote ya Viento hadi Hood River imo humo ndani. Mwisho wa kiangazi na mapema vuli, salmoni wanapopanda, utaona maboya yamejipanga kutoka ufuoni kwenda ndani. Chini yake kuna wavu, na wavu huo ni mshahara wa mtu. Kwenye povu la kilomita 60 kwa saa boya huonekana ukiwa umelikaribia sana, kwa hivyo anayejua mto huulizia mapema zimetegwa wapi, hupita mbali upande wa katikati, na hata wimbi tamu likimvuta kuelekea ufuoni huliacha liende.