Rap siyo uhuni: jibu kwa wanaotaka kuifukuza katika mila zetu



Kila tunapokutana Kasongo ao Kabambare kuzungumza juu ya mila, neno moja linarudi: eti rap ni muziki ya wahuni, ni kitu cha Wamarekani, haina nafasi katika kitabu kama hiki. Siye tunasema: apana. Ushahidi wetu ni albamu moja ya Kiswahili, Machozi, Jasho na Damu, iliyotolewa Tanzania mwaka 2001 na Professor Jay, ambaye jina lake ni Joseph Haule. Mbele ya pale alikuwa akiimba katika kundi la Hard Blasters.

Katika albamu hiyo kuna wimbo unaoitwa Ndio Mzee. Mgombea wa uchaguzi anasimama mbele ya watu. Anaahidi hiki, anaahidi kile, mpaka mambo yanapita akili ya mtu, na kila mara watu wanaitikia ya kwamba ndiyo. Mwimbaji hasemi: huyu ni mwongo. Anamwacha mgombea ajiseme mwenyewe. Msikilizaji anacheka, halafu kicheko kinamkaukia mdomoni, sababu anajitambua kati ya wale wanaoitikia. Tangu wimbo ule, wazazi wengi waliokuwa wakiidharau rap walianza kutega masikio.

Sasa tuulizane. Je, hiyo ni desturi ya kigeni? Mmoja anatoa neno, wengine wanaitikia: si ndivyo tunavyofanya katika hadithi za jioni, katika ngoma, na katika matanga? Wazee wetu, Wabangubangu, Wakusu na Wazimba, walijua kumsema mkubwa kwa mafumbo. Sultani mwenye choyo alipewa sura ya mnyama katika hadithi. Watu walicheka, naye akasikia. Kijana anayemwonya mkubwa kwa njia ya kichekesho hakuvunja mila. Ameiokota pale tulipoiacha njiani.

Wengine wanasema: lakini ilitoka mbali. Ni kweli, rap ilizaliwa New York katika miaka ya 1970, kati ya vijana weusi maskini. Lakini nani katika siye ataanza kuhesabu vilivyotoka mbali? Kiswahili tunachoandikia kitabu hiki kilifika kwetu na misafara iliyotoka pwani, ikapita Ujiji na Kabambare mpaka Kasongo, enzi za Tippu Tip. Kilikuja pamoja na bunduki, pembe za ndovu na minyororo ya watumwa. Mpunga nao ulikuja kwa njia ile ile. Mwaka 1893 jeshi la Leopold II liliiteka Kasongo, wakubwa wa Waungwana wakashindwa, lakini lugha ilibaki, na leo hakuna anayetuambia tuirudishe Zanzibar. Kitu kinakuwa chako ukikitumia kusema ukweli wako.

Tena tuseme wazi jambo ambalo wengi wanaliogopa. Katika muziki ya nchi yetu kuna desturi ya kutupa libanga, yaani jiwe kwa Kilingala: tajiri ao mwanasiasa anatoa feza, na jina lake linatajwa katika wimbo. Huo hatuuiti uhuni. Tunaucheza kwenye arusi! Lakini kijana akiimba juu ya barabara iliyoahidiwa mwaka 2006, ikaahidiwa tena 2011, 2018 na 2023, tunasema hana adabu. Ni yupi kati yao aliyeuza mila ya wazee? Anayelipwa kwa kusifu, ao anayeonya bila malipo?

Tunajua jibu la wapinzani wetu: Professor Jay mwenyewe aliingia siasa. Ndiyo. Alikuwa mbunge wa Mikumi tangu 2015 mpaka 2020, na mwenzake Sugu alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini tangu 2010 mpaka 2020. Lakini hapo ndipo nguvu ya ule wimbo inaonekana. Siku aliposimama kuomba kura, kila mtu alikuwa na kipimo cha kumpimia, na kipimo kile alikitengeneza yeye. Wimbo wa libanga unakufa mara mwenye feza anapoanguka. Wimbo wa kweli unambana hata aliyeutunga.

Wala tusidhani ni mchezo wa watoto. Delcat Idengo, mwimbaji wa Beni, alifungwa kwa ajili ya nyimbo zake, na mwezi wa pili 2025 aliuawa kwa risasi mjini Goma. Mtu anayekubali hatari ya namna hiyo kwa ajili ya neno, tutamwita muhuni?

Basi, wazee wetu, tunawaomba kwa heshima: msiwafukuze vijana, muwafundishe. Muwape mafumbo, methali na maneno mazito ya Kibangubangu, Kikusu na Kizimba, ili wasiimbe maneno matupu. Nanyi vijana, msiige sauti ya Dar es Salaam wala ya New York. Imbeni soko la Kasongo, imbeni njia ya Kabambare. Na wale wanaokusanya mila zetu waandike pia nyimbo za rap zinazostahili, pamoja na jina la mtunzi na mwaka, kama tunavyoandika hadithi za mababu.

Uchaguzi mwingine utakuja, na wagombea watakuja na triko zao na ahadi zao. Tukiwanyamazisha vijana leo, siku ile kutabaki sauti moja tu katika uwanja: ile ya kuitikia ndiyo.