Zamu ya Maji



Mjukuu wangu alirudi skuli na kazi ya nyumbani: aeleze namna watu wa kale wa Amerika ya Kati na milima ya Andes walivyokabiliana na mazingira yao. Nikamweleza jinsi Wainka walivyojenga matuta ya mawe majabalini wakapanda viazi na mahindi, na jinsi Waazteki walivyolima vishamba vya udongo ndani ya ziwa. Akaniuliza: "Na wazee wetu sisi, Babu, walifanya nini?" Nilisomesha miaka mingi, lakini hapo nilifedheheka. Mtoto amezaliwa Khuwair, na sijapata kumwonyesha falaji hata moja.

Ijumaa iliyofuata tulikwenda Birkat al-Mouz, karibu na Nizwa, penye Falaji ya Khatmeen. Hiyo ni mojawapo ya falaji 5 za Oman zilizoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006. Wahenga walichimba kisima mama chini ya mlima, kisha wakatoboa handaki lenye mteremko mdogo mno, maji yakajiendea yenyewe hadi kijijini bila ya ndoo wala mashine.

Kilichomshangaza zaidi mjukuu wangu ni utaratibu wa kugawana. Katika falaji, maji yanapochomoza, mahali pa mwanzo ni pa kunywa. Hufuata pa kutawadha na kuoga. Kisha mitende, na mwisho mazao ya msimu. Mwaka wa ukame hupunguzwa mazao ya msimu, mitende ikasalimika. Kila mwenye hisa ana zamu yake, nayo kwa desturi ilipimwa kwa kipimo kiitwacho athar, kiasi cha nusu saa: mchana kwa kivuli cha jua, usiku kwa nyota. Ziko hisa za wakfu, na ziko zinazokodishwa ili mapato yake yatengeneze falaji yenyewe.

Afrika ya Mashariki nako walikuwapo mafundi wa maji. Huko Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, kaskazini ya Tanzania, tangu karne ya 15 wakulima walimwagilia kiasi cha hekta 2,000 kwa mifereji. Katika karne ya 18 makazi yale yakahamwa. Mawe yapo hadi leo. Zamu zao zimepotea.

Oman zimebaki falaji zipatazo 3,000 zenye kutiririka, kwa sababu wapo watu wanaoshuka kuzoa mchanga, na wapo mawakili wanaojua zamu ya nani ni lini. Sisi wa Khuwair tunakunywa maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi mitamboni. Hatumngojei jirani amalize zamu yake, na kwa hivyo ni wepesi wa kusahau.

Mjukuu wangu aliongeza ukurasa mmoja katika kazi yake. Wazee wenzangu, nanyi wapelekeni watoto, madhali wangalipo wa kuwaeleza.