Lori la zamani na sheria ya moshi



Nataka kuzungumzia jambo ambalo ndugu zangu wa Tanga wameniuliza mara nyingi kwa simu: kwa nini huko Marekani mtu alazimike kuacha lori ambalo bado linavuta? Mimi ni Mtanzania ninayeishi Phoenix, jimbo la Arizona. Riziki yangu ni kichwa kimoja cha lori chenye injini ya mwaka 2005. Deni lake nimekwisha lipa. Halina filta ya masizi wala tangi la urea, na mengi yanayoharibika nayatengeneza mwenyewe. Sasa imenibidi niamue kama nilibadili au niendelee nalo.

Ni vizuri ieleweke kwamba hapa Arizona hakuna anayeninyang'anya. Serikali kuu ya Marekani huweka masharti ya moshi kwa injini mpya zinapotoka kiwandani. Injini iliyokwisha uzwa huachwa izeeke. Anayebana ni jirani yetu California. Bodi ya hewa ya jimbo hilo, CARB, ilipitisha kanuni ya malori na mabasi mwezi Desemba 2008, ikaikaza hatua kwa hatua, hata ilipofika tarehe 1 Januari 2023 karibu kila lori zito la dizeli likatakiwa liwe na injini ya mwaka 2010 au ya baadaye. Haiulizi lori limesajiliwa wapi. La California lisipotimiza sharti hunyimwa usajili. La mgeni likikutwa barabarani mwenyewe hutozwa faini.

Mwaka 2025 baadhi ya madereva wenzangu walifurahi sana wakisema sheria za California zimekufa. Hapa pana mchanganyiko. Mwezi Januari mwaka huo CARB iliondoa ombi lake la ruhusa kuhusu kanuni iliyotaka makampuni yahamie kwenye malori yasiyotoa moshi, na mwezi Juni azimio la Bunge la Marekani lilitiwa saini kufuta ruhusa za kanuni nyingine za malori. Lakini hizo zilihusu malori mapya na ya umeme. Kanuni inayonibana mimi ni ile ya 2008, nayo haikuguswa na azimio lile. Mtu akiisoma habari ile juu juu, kisha akaingia Blythe na injini ya 2005, atajuta.

Upo mwanya mdogo: lori lisilozidi maili 1,000 kwa mwaka ndani ya California huweza kusamehewa. Lakini tuhesabu. Mizigo yangu naichukua katika maghala ya Fontana na Ontario, ambako shehena za bandari za Los Angeles na Long Beach hugawanywa. Kutoka mpakani hadi Fontana ni kama maili 180, kwenda na kurudi 360. Safari mbili ni 720. Ya tatu inavuka. Safari mbili kwa mwaka hazilishi watoto!

Nisieleweke kwamba naipinga sheria yenyewe. Masizi ya dizeli si hadithi. CARB iliyaingiza katika orodha ya sumu za hewani mwaka 1998, na mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilitamka kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani kwa binadamu. Nyumba za watu pale Fontana zimepakana na maghala, na malori hupita usiku na mchana. Kama ningeishi pale ningeisimamia kanuni hiyo kwa mikono miwili.

Ninachonung'unikia ni mzigo wake ulivyoangukia. Makampuni makubwa huendesha vichwa vyao miaka michache tu, kisha hutuuzia sisi. Kwao kanuni ya injini ya 2010 iliingia kama desturi yao ya kawaida. Aliyekamatwa ni mnunuzi wa mkono wa pili na wa tatu. Ipo misaada ya kubadili malori, kama mpango wa Carl Moyer ulioanza mwaka 1998, lakini fedha zile ni za California kwa hewa ya California. Mimi nalipia hewa yao, msaada wao siupati.

Basi ninunue lipi? Kichwa kipya chazidi dola 150,000, na deni la namna hiyo kwa mtu mwenye lori moja ni kitanzi. La umeme kwa njia yangu bado: Freightliner eCascadia hutajwa na watengenezaji wake kufika maili 230 hivi, na Phoenix hadi Los Angeles ni karibu 370. Limebaki la mkono wa pili. Hapa nawaonya wenzangu kwamba kanuni hutazama mwaka wa injini, si wa lori. Lori liitwalo la 2010 mara nyingi lina injini ya 2009, na hilo halipiti. Kabla ya kutoa senti, funua boneti usome kibandiko cha injini.

Wapo wa Tanga wanaotaka nilipakie lile la zamani melini. Usukani wake uko kushoto, na moshi wake utahamia Chalinze. Wengine wanauliza kama haya mapya yenye filta yangefaa kwao. Filta huziba haraka kwa dizeli yenye salfa nyingi. Marekani ilianza dizeli ya barabarani ya salfa sehemu 15 kwa milioni mwaka 2006. Nchi za Afrika Mashariki zilishuka hadi 50 mwaka 2015. Anayetaka lori la namna hiyo aulize kwanza mafuta, kisha fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta yake.

Mimi natafuta injini ya 2014 au 2015, yenye kumbukumbu za matengenezo ya filta, na nimekwisha tenga fedha za filta ya pili kabla ya kununua. La zamani namwuzia mkulima wa pamba wa huku huku Arizona, ambaye hana safari ya California.

Mwenye Lori Moja,
Phoenix, Arizona.